Programu ya duka imehamia winguni, na sasa kila mtu ana malalamiko yake

Siku ya kwanza huwa ni ya hongera. Karani wa Biashara Street, Mombasa, anafungua programu ileile aliyoizoea. Binti wa mwenye duka anaifungua nyumbani Nyali kwenye Mac yake. Mpwa aliyeng'ang'ania Ubuntu (aina ya Linux) naye anaiona, na msimamizi wa godauni la Shimanzi anaipapasa kwenye tableti ya Android. Kuanzia siku ya tatu simu ya fundi haipoi.

Duka ninalolizungumzia ni la leso za jumla. Programu yake ya stoki na ankara iliandikwa zamani kwa Visual FoxPro, lugha ya Microsoft ya kutengenezea programu za hifadhidata, na aliyeiandika hapatikani. Microsoft wenyewe walikomea toleo la 9 na wakaacha kulihudumia Januari 2015. Kuiandika upya iwe ya kivinjari kungekuwa bora zaidi, lakini kazi hiyo yataka pesa na muda, na mzee mwenye duka hakuwa tayari kutoa hata kimoja. Basi tukafanya wanavyofanya wengi: tukakodi seva ya Windows kwenye wingu, yaani kompyuta ya kampuni nyingine inayofikiwa kwa intaneti, tukaiweka programu humo pamoja na data yake, na kila mtu akawa anaingia kwa Remote Desktop. Programu inafanya kazi juu kwenye seva. Kinachoshuka ni picha ya skrini, na kinachopanda ni vibonyezo na mwendo wa kipanya.

Ukilishika hilo utajua pa kutafuta. Programu iliyo kwenye seva haijui wewe una Mac, Ubuntu au tableti. Vitu vinavyovuka kutoka kompyuta ya mtumiaji hadi kwenye seva ni vichache: kibodi, printa, faili na, ukipenda, saa. Kwa hiyo kabla sijagusa chochote huuliza swali moja: lampata mtu mmoja au lawapata wote? Likiwa la mmoja, nachunguza vile vitu vichache. Likiwa la wote, natazama seva au njia ya kufikia seva. Kuna aina ya tatu, ambapo wote wana tatizo lakini kila mmoja na la kwake, na hiyo ndiyo ilinikosesha usingizi.

Kila mtu ana stoki yake

"Fundi, hii mashini yanipa hesabu ya uongo," mzee aliniambia. Karani alikuwa ameingiza korja tatu za leso zilizofika asubuhi, yaani vipande 60. Shimanzi hawakuziona. Binti aliona hesabu ya juzi. Mpwa aliona mauzo aliyoyaingiza yeye tu, kana kwamba duka zima ni lake.

Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumlaumu, na wengi walimlaumu mpwa na Ubuntu yake. Mimi nikaingia kwa akaunti ya Administrator, yaani ya msimamizi wa seva. Nikaona data ilivyokuwa siku tuliyohama, haijaguswa hata safu moja. Hapo nikaketi. Kama data halisi haijaandikwa kwa siku tatu, hawa watu wanne wamekuwa wakiandika wapi?

Jibu ni folda inayoitwa VirtualStore. Mtumiaji wa kawaida wa Windows haruhusiwi kuandika ndani ya Program Files, folda zinamosakinishwa programu. Programu za zamani za biti 32 hazina habari hiyo; zimezoea kuweka data palepale zilipo. Tangu Vista, badala ya kuzikatalia zikaanguka, Windows huzihadaa: hunakili faili na kuiweka ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, kisha huiambia programu kwamba mambo ni shwari. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hakuna atakayegundua maisha yake yote. Kwenye seva ya watu wanne, unapata maduka manne. Akaunti ya Administrator iliyokuja na seva haihadaiwi hivyo kwa kawaida, ndiyo maana fundi anayejaribu kwa akaunti hiyo hatalipata tatizo hata akeshe.

Kuthibitisha ni kazi ya dakika mbili. Kwa kila mtumiaji, tazama C:\Users\jina lake\AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86). Ukikuta faili za data za .dbf (za FoxPro) au .mdb (za Access) humo, zenye tarehe za leo, umefika.

Tiba ni kuitoa data ndani ya Program Files. Nilitengeneza D:\Duka\Data, nikaipa ruhusa ya Modify (kusoma na kubadilisha) kwa kundi la watumiaji wa duka, nikaielekeza programu huko. Lakini usifute zile nakala! Kila moja ina mauzo ya kweli ambayo hayapo kwingine. Tulichapisha orodha ya kila mtu, karani akaziingiza upya kwenye data moja, na ilituchukua jioni mbili na chai nyingi. Na usishawishike kuwafanya wote kuwa Administrator. Utaambiwa na mafundi wengine kwamba ndiyo njia ya mkato, na kweli yaweza kulificha tatizo, ila sasa kijana yeyote wa kaunta aweza kulifuta duka zima kwa kubonyeza pasipofaa.

Tatizo hili lina ndugu yake mdogo: mipangilio ya printa na jina la tawi inayokataa kubaki, au inayobaki kwa mmoja na kumpotea mwingine. Mara nyingi programu huiweka kwenye faili ya mipangilio ya .ini ndani ya C:\Windows, au kwenye rejista (ghala la mipangilio la Windows) ya yule aliyeisakinisha. Ingia kwa akaunti ya kila mtu, ipange mara moja, yaishe.

"Ni nzito"

Hili ndilo lalamiko ninalolipokea zaidi na ndilo lisilosema chochote. Nzito wapi? Ukiandika herufi inachelewa kutokea, au herufi zatokea vizuri ila ripoti ndiyo haifunguki? Herufi zikichelewa, tatizo liko njiani. Ripoti ikichelewa huku herufi zikikimbia, tatizo liko juu kwenye seva. Na ikiwa nzito saa fulani tu, nenda ukatazame nani mwingine anatumia laini ya duka saa hizo. Kwetu ilikuwa mashine ya kamera za usalama, iliyokuwa ikipandisha video zake kuanzia saa nne asubuhi.

Kuna kosa moja nataka kulikalia kidogo kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Kabla ya Remote Desktop tulijaribu nusu uhamisho: hifadhidata tukaipeleka winguni, programu tukaiacha kwenye kompyuta za dukani. Ilionekana nafuu. Ripoti ya mwisho wa siku iliyokuwa ikifunguka papo hapo ikawa inachukua dakika nzima.

Hesabu yake ni hii. Programu ya zamani huuliza hifadhidata maswali madogo madogo: nipe bidhaa hii, nipe bei yake, nipe mteja wake. Ripoti ya mistari 400 yaweza kuuliza maswali 400, moja baada ya jingine, kila swali likingoja jibu la lililotangulia. Ndani ya duka, kwenda na kurudi ni chini ya milisekunde moja, kwa hiyo yote 400 hayafiki nusu sekunde. Kwa seva ya ng'ambo iliyo umbali wa milisekunde 150, ni 400 mara 150: sekunde 60 kamili.

Mzee akalipia laini ya kasi maradufu. Ripoti haikupungua hata sekunde. Ni kama kumtuma kijana Marikiti akuletee ndimu 400, moja moja. Uipanue barabara utakavyo, safari ni zilezile. Dawa ni kuiweka programu jirani na data yake, zote mbili kwenye seva moja, ili maswali yabaki ndani na skrini peke yake ndiyo isafiri. Faili za Access au FoxPro ndizo zisizostahimili kabisa kufunguliwa kutoka mbali. Muunganisho ukikatika katikati ya kuandika, unaamka na faharasa iliyoharibika.

Hata hivyo umbali bado una neno, kwa sababu kila herufi ya Remote Desktop hupanda na kurudi. Mwanga ndani ya waya wa kioo hukata kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 kati yako na seva zinakugharimu milisekunde 10 za kwenda na kurudi, kabla hujahesabu rauta za njiani. Microsoft walifungua vituo vyao Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Kwenye ramani ni karibu kuliko Ulaya. Lakini data haifuati ramani, yafuata nyaya za baharini, na Mombasa zinatua kadhaa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine baada ya hapo. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Februari mwaka huohuo nyaya zilikuwa zimeharibika Bahari ya Shamu. Siku za namna hiyo, seva uliyoichagua kwa ukaribu yaweza kufikiwa kwa kuzunguka bara zima.

Kwa hiyo pima wiki nzima, asubuhi na jioni, usipime mara moja ukaridhika. Kwenye Windows amri ya kuonyesha njia na muda wake ni tracert. Kwenye Mac na Linux ni traceroute. Seva nyingi za wingu hazijibu ping, ile amri ya kubisha hodi, basi kimya chake usikichukulie kuwa kifo. Jaribu mlango (port) wenyewe wa Remote Desktop: Test-NetConnection ndani ya PowerShell, au nc -vz kwenye Mac na Ubuntu. Kwa uzoefu wangu, chini ya milisekunde 100 hakuna anayelalamika, 150 watu huzoea, na zaidi ya 250 karani huanza kubonyeza mara mbili mbili na unapata ankara pacha.

Nywila ni sahihi lakini yakataliwa

Lampata mmoja, kwa hiyo ni la pembeni, na mara nyingi ni kibodi. Laptopu nyingi tunazonunua hapa ni ex-UK. Kwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, Shift na 2 hutoa alama ya nukuu, na @ iko upande wa kulia karibu na Enter. Kwenye kibodi ya Marekani ni kinyume. Seva ikidhani una kibodi ya Marekani na wewe una ya Uingereza, mtu mwenye @ kwenye nywila yake atafungiwa nje akiapa kwamba hajakosea, na kweli hajakosea. Kwa kuwa nywila huonyesha vitone tu, haoni kinachoandikwa.

Mwambie aiandike nywila kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, aitazame, kisha aifute. Utaona alama iliyogeuka palepale. Kwenye Mac, programu ya Microsoft ya kuingilia (ambayo tangu 2024 inaitwa Windows App) ina chaguo la kibodi kwenye menyu: kutuma misimbo ya vibonyezo au kutuma herufi zenyewe. Badilisha moja kwa nyingine. Chaguo hilohilo ndilo huponya kisomaji cha msimbo pau kinachokula tarakimu, kwa sababu kisomaji hicho mbele ya kompyuta ni kibodi tu, ila kibodi yenye haraka mno. Kwenye Ubuntu, ndani ya Remmina, programu ya kuingilia ya huko, taja mpangilio wa kibodi wewe mwenyewe usiuache ujikisie.

Printa

Hapa ndipo mchanganyiko wa kompyuta unapokuwa na makosa ya kweli, na hapa ndipo pesa hupotea bure.

Mtumiaji wa Windows huwa hana shida kubwa: tangu Windows Server 2008 kuna Easy Print, inayoichukua printa ya kompyuta yake na kuionyesha ndani ya seva bila ya kutafuta draiva, yaani programu ya kuiendesha printa. Kwenye Mac mambo ni mengine. Printa ya Mac huingia kwenye seva ikiwa imevaa draiva moja ya jumla inayozungumza PostScript, lugha ya kuieleza printa ukurasa ulivyo. Zamani Mac ilikuwa ikiitafsiri PostScript hiyo kwa niaba ya printa isiyoielewa. Kuanzia macOS Sonoma ya 2023 Apple waliondoa tafsiri hiyo. Dalili yake yachekesha ukiwa si wewe uliyepatwa: printa inaonekana, kazi inakwenda, hakuna ujumbe wa kosa, na karatasi haitoki. Binti alibadilisha wino mara mbili.

Kwa ankara za A4, kwake tuliacha kuchapisha moja kwa moja. Programu inachapisha PDF ndani ya seva, PDF inaangukia kwenye folda ya Mac iliyoshirikishwa, anaichapisha kwa Mac yenyewe. Hatua moja zaidi, lakini haijawahi kumwangusha.

Risiti za kaunta ndizo kazi. Programu za zamani hazijui printa, zinajua LPT1 tu, yaani mlango wa printa wa enzi hizo: hutupa herufi na amri za kukata karatasi moja kwa moja kwenye mlango huo. Printa ya risiti siku hizi ni ya USB. Kuna mbinu za kuifunga USB kwenye LPT1 kwa amri ya net use kisha kuipitisha hadi kwenye kikao cha mbali, nami nimeishi nazo miezi kadhaa. Zinafanya kazi mpaka siku Windows ikijisasisha usiku, asubuhi foleni imefika barabarani na karani anaandika risiti kwa mkono.

Nilichokikubali mwishowe ni printa ya risiti yenye tundu la waya wa mtandao. Inachomekwa kwenye rauta ya duka, rauta inaunganishwa na seva kwa VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), na seva inaitumia kazi moja kwa moja kupitia mlango 9100. Sasa printa ni ya seva. Anayeuza akiwa na Ubuntu, tableti au simu ya kuazima, risiti inatoka palepale kaunta. Bei yake ni ya juu kidogo kuliko ya USB, na ningeilipa mara tatu.

Hesabu za usiku, na makosa ya tarehe 13

Seva nyingi za wingu huja zikiwa zimewekwa UTC, saa ya rejea ya dunia, nayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Miezi kumi na moja hakuna aliyegundua, maana duka linafungwa jioni na tarehe inabaki ileile. Ikaja Ramadhani. Biashara Street ikawa inauza baada ya tarawehe hadi saa saba usiku, na kila kilichouzwa baada ya saa sita kikaandikwa tarehe ya jana, kwa sababu kule juu jana ilikuwa haijaisha. Pesa za droo na ripoti zikawa hazipatani kila asubuhi, na karani akaanza kutazamwa vibaya. Amri ni moja, tzutil /s "E. Africa Standard Time", kisha funga na ufungue programu. Seva ikiwa ya Linux, timedatectl set-timezone Africa/Nairobi. Ipo pia sera ya kuifanya seva ifuate saa ya kompyuta ya mtumiaji. Kwa programu ya hesabu mimi siiwashi, kwa kuwa binti akisafiri Dubai ankara zake zinatangulia za wenzake kwa saa nzima.

Tarehe ina mtego mwingine. Seva ikiwa na mpangilio wa Marekani, husoma mwezi kwanza. Ankara ya 04/03 uliyoikusudia kuwa ya tarehe 4 Machi inahifadhiwa kuwa ya Aprili 3, kimya kimya. Siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi zinapita hivyo bila kelele. Tarehe 13 programu inashtuka, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na hapo ndipo unapigiwa simu. Ukisikia "imeanza kukataa leo" na leo ni katikati ya mwezi, tazama mpangilio wa tarehe wa kila mtumiaji, si wako tu, kisha rudi nyuma ukazisahihishe zile siku kumi na mbili, ambazo ndizo zilizoharibika kweli.

Tumefungiwa nje

Wawili wanaingia, wa tatu anaambiwa amtoe mwenzake: seva haijawekwa huduma kamili ya Remote Desktop. Bila hiyo Windows Server huruhusu vikao viwili tu, vya usimamizi.

Wote walikuwa wakiingia vizuri, na asubuhi moja hakuna hata mmoja anayeingia: hesabu siku tangu usakinishe. Huduma hiyo hukupa siku 120 za bure kabla ya kudai leseni. Miezi minne ni mirefu ya kutosha fundi kulipwa, kuondoka na kusahau. Leseni ni za aina mbili, kwa mtu au kwa kifaa. Kama mtu mmoja ana Mac, simu na tableti, ya mtu ni nafuu. Kama makarani watatu wanapokezana kompyuta moja, ya kifaa. Lakini kama seva yako haiko ndani ya domeni (kundi la kompyuta za Windows zenye usimamizi mmoja), usinunue za mtu: toleo la 2019 huwakatia kikao baada ya dakika 60.

Akaunti zinajifunga zenyewe usiku: fungua kumbukumbu za usalama za Windows, utafute tukio 4625. Ukiona maelfu, kuna mashine za huko duniani zinazobahatisha nywila zako kwa sababu uliuacha mlango 3389 wazi kwa intaneti nzima. Ufunge. Watu waingie kwa VPN au kwa lango la Remote Desktop kupitia mlango 443. Wakati wa udhaifu ulioitwa BlueKeep, Mei 2019, seva zilizoachwa wazi hivyo kwenye matoleo ya zamani zingeweza kuvamiwa bila nywila yoyote. Tena majina na simu za wateja zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitauliza kama ulikuwa na haraka.

Madogo madogo

Skrini nyeusi baada ya nywila kukubaliwa, na kwenye laini moja tu: pakiti kubwa za data hazipiti. Jaribu ping -f -l 1472 kwenye Windows, ping -D -s 1472 kwenye Mac, ping -M do -s 1472 kwenye Linux, kuelekea kifaa kinachojibu upande wa pili wa VPN. Zikigoma, punguza namba mpaka zipite, ongeza 28, na hiyo ndiyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kuweka.

"Programu tayari imefunguliwa" kwa mtu wa pili: programu imeandikwa ikatae kufunguliwa mara mbili kwenye mashine moja, nayo sasa yaona watu wote wako kwenye mashine moja. Hakuna mpangilio wa Windows wa kulitibu vizuri. Tafuta swichi ndani ya programu au mwandishi wake.

Muunganisho wa ODBC (unaoiunganisha programu na hifadhidata) umeutengeneza na programu haiuoni: umeutengeneza upande wa biti 64. Chombo cha kuutengenezea cha biti 32 kiko ndani ya SysWOW64, na cha biti 64 ndani ya System32. Ndiyo, majina yamegeuzwa, usijilaumu.

Faili ya binti inakataa kuhifadhiwa: aliiita "Leso 12/03". Mac inaruhusu mkwaju kwenye jina, Windows hairuhusu.

Kidude cha leseni cha USB: seva ya wingu haina pa kukichomeka. Uliza hili kabla ya kuhama, si baada.

Stima ikipotea

Hapa wingu linalipa deni lake. Stima ikipotea Biashara Street katikati ya ankara, kikao kinabaki kwenye seva kama kilivyo. Karani anaweza kuingia kwa simu yake akaikuta ankara nusu, mshale ukiwa palepale kwenye doti ya saba.

Lakini kubaki huko kuna gharama. "Nafukuzwa kila dakika" ni watu wawili wanaotumia jina moja la kuingilia: kila anayeingia anakinyakua kikao cha mwenziwe. Kila mtu apewe jina lake. Na "rekodi inatumiwa na mtu mwingine", hali hakuna mtu, ni kikao cha aliyefunga dirisha kwa alama ya X badala ya kutoka kwenye programu. Kinaendelea kuishi juu kikiwa kimeishika rekodi. Fungua orodha ya vikao kwa quser, tafuta kilichoandikwa Disc, kisha ukitoe kwa logoff na namba yake.

Nimeweka kikomo: kikao kilichokatika kikitimiza muda wa saa mbili bila mwenyewe kurudi, kinafungwa. Si muda mfupi zaidi, kwa sababu stima zetu nazijua. Bekapu inaanza saa tisa usiku, wakati hakuna faili iliyoshikwa na mtu. Mwezi wa Ramadhani naisogeza hadi saa kumi na moja alfajiri, watu wakishakula daku.